Nyongo ya Goujian: Historia iliyojificha katika nahau za Wachina kuhusu dhiki

MAMBO yakiharibika, sisi husema yametumbukia nyongo. Wachina nao wana nyongo yao, ila wao huionja kwa hiari. Nahau yao wo xin chang dan ina maneno manne tu: kulala, kuni, kuonja, nyongo. Maana yake ni kujitesa makusudi ili usisahau aibu iliyokupata, mpaka siku utakapoilipiza.

Nahau za aina hii huitwa chengyu. Nyingi zina silabi nne, na ndani ya silabi hizo mara nyingi mna kisa kizima.

Kisa cha hii ni cha Goujian, mfalme wa Yue. Mnamo 494 KK alishindwa vibaya na Fuchai, mfalme wa Wu, akakimbilia mlima Kuaiji na wanajeshi 5,000 waliosalia. Akaomba amani kwa kujidhalilisha. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba baadaye Goujian aliweka nyongo karibu na kiti chake, akawa anaionja kila anapokula, huku akijiuliza kama ameisahau aibu ya Kuaiji. Alilima kwa mikono yake, na mkewe akafuma nguo. Ilipofika 473 KK, dola ya Wu ilikuwa imekwisha na Fuchai amejiua.

Lakini hebu tuulize: kuni ziko wapi? Kwa Sima Qian hazimo kabisa! Maneno yote manne tunayakuta pamoja zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kwa mwandishi Su Shi wa karne ya 11, tena katika barua ya kubuni ambayo Sun Quan anamjibu Cao Cao. Kwa hivyo godoro la kuni alitandikiwa Goujian na vizazi vilivyofuata. Lugha ndivyo ilivyo. Haimwachi shujaa alale vizuri.

Jambo linalonisumbua zaidi ni matumizi ya kisa hiki katika karne ya 20. Kati ya 1959 na 1961, njaa kali iliua mamilioni ya watu nchini China. Wakati huohuo majukwaa ya maigizo yalijaa visa vya Goujian, na mwaka wa 1961 ikatoka tamthilia ya Cao Yu ambayo jina lake ni Nyongo na Upanga. Watu waliambiwa wavumilie kama mfalme yule. Sawa, lakini Goujian alichagua uchungu wake, tena chakula kikiwa mezani. Mkulima aliyekosa nafaka alichagua nini? Hapo nahau ya ujasiri inageuka kuwa kifuniko cha chungu kitupu.

Si nahau zote zinazohimiza uvumilivu wa kulipiza. Sai weng shi ma, yaani mzee wa mpakani kapoteza farasi, inatokana na Huainanzi, kitabu cha karne ya 2 KK. Farasi akapotea, majirani wakaja kumpa pole. Mzee akauliza, mnajuaje kwamba si heri? Farasi akarudi na farasi mwingine mzuri. Wakampongeza, naye akauliza, mnajuaje kwamba si balaa? Kweli, mwanawe akaanguka na kuvunjika mguu. Vita vilipozuka, vijana wengi wakafa, kiwete akabaki.

Wapo wanaoitafsiri nahau hii kwa methali yetu "baada ya dhiki faraja". Mimi naona wamekosea. Methali yetu inaahidi kwamba mambo yatatengenea. Mzee wa mpakani haahidi kitu. Hata furaha anaitilia shaka. Ukimpa mfiwa methali yetu, umemfariji. Ukimpa swali la mzee, huenda akakufukuza matangani.

Mahali pengine lugha hizi mbili hukutana bila taabu. Chi kui ni kula hasara, neno kwa neno, na mfanyabiashara wa Gikomba hahitaji maelezo. Ila kwa farasi yule, afadhali mtafsiri aandike "farasi wa mzee wa mpakani", kisha akisimulie kisa chenyewe kwa sentensi mbili tatu.