Chombo, Swali na Lugha: Habari za Majaribio ya Sayansi Darasani

Watu wengi hudhani kwamba kufundisha sayansi kwa majaribio ya mikono, pasipo vyombo vya gharama, ni shauri la kuziba pengo la umaskini tu. Historia yatuonyesha zaidi ya hayo. Katika miaka ishirini hivi baada ya Vita Kuu ya Pili shauri hili lilipita hatua mbili: kwanza walimu walitafuta chombo, kisha wakatafuta swali. Hatua ya tatu, ambayo ni lugha, haijakamilika mpaka leo. Nia ya makala haya ni kueleza safari hiyo kwa ufupi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa magofu, na vyombo vyake vya sayansi vimepotea au kuvunjika. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilitoa kijitabu cha mashauri kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa na vita. Mtungaji wake, J. P. Stephenson, alikuwa mwalimu wa sayansi katika City of London School. Aliwaonyesha walimu wenzake namna ya kutengeneza vyombo vya majaribio kwa vitu vya kawaida vipatikanavyo karibu. Ajabu ni kwamba kijitabu hicho kilipendwa sana hata mahali ambapo hakikukusudiwa, yaani katika nchi ambazo shule zake hazikupata kuwa na vyombo hivyo tangu mwanzo. Kwa ajili hiyo, mwaka 1956 UNESCO ilitoa kitabu kikubwa zaidi, UNESCO Source Book for Science Teaching, nacho kikapigwa chapa mara nyingi na kufasiriwa katika lugha nyingi.

Hiyo ndiyo hatua ya chombo. Faida yake haina shaka. Lakini chombo peke yake hakitoshi, na ushahidi wake twaupata hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyatia maziwa yake yangali moto. Baadaye aliona kwamba yake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake, aliyetia maziwa yasiyochemshwa, bado. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amekosea, jambo hilo haliwezekani. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka, Osborne hakucheka, bali aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 habari za wawili hao zilitolewa katika jarida la Physics Education. Mabishano ya wataalamu juu ya jambo hilo hayajakwisha, nasi si waamuzi wake. Linalotuhusu ni hili: kijana yule hakukosa jokofu wala maziwa. Alichokikosa kwa miaka kadhaa ni mtu wa kulipokea swali lake.

Hatua ya swali ilianza rasmi katika shule zetu za msingi wakati uo huo. Mwaka 1965, baada ya mkutano wa Kano, Nigeria, ulianzishwa mpango ulioitwa African Primary Science Program, chini ya usimamizi wa shirika moja la Massachusetts, Marekani. Miongoni mwa vijitabu vyake kimo kiitwacho Ask the Ant Lion. Mdudu anayetajwa hapo twamjua sote: ni yule aendaye kinyumenyume, achimbaye vishimo vya mviringo katika mchanga mkavu, kisha akajificha chini akingojea sisimizi ateleze na kuanguka. Jina la kijitabu ndilo fundisho lenyewe. Mtoto akitaka kujua mdudu huyu hula nini, asimwulize mwalimu. Na amwulize mdudu, kwa kumletea chakula na kutazama.

Hapa ndipo mwanalugha hana budi kuingia. Mdudu huulizwa kwa mkono, lakini swali hutungwa kwa ulimi. Mtoto asemapo, "Mchanga ungekuwa na maji, je, angechimba?" amekwisha kufanya nusu ya jaribio kabla hajaugusa mchanga. Kiungo kile -nge- ni chombo cha sayansi kama mizani ilivyo chombo: humwezesha mtoto kupima jambo ambalo halijatokea. Na chombo hicho hakinunuliwi. Mtoto wa Kiswahili aja nacho shuleni kutoka nyumbani, pamoja na "huenda" na "kwa sababu". Hata neno "jaribio", ambalo shina lake limetoka katika Kiarabu, halikungoja vitabu vya shule. Watu walikuwa wakijaribu na kujaribiwa tangu zamani.

Mwaka 1967 Tanzania iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zake zote za msingi, na kwa uamuzi huo chombo, swali na lugha viliweza kukutana katika chumba kimoja. Lakini hata leo mtoto aingiapo sekondari husoma sayansi kwa Kiingereza. Mkono wake waendelea na kazi ile ile, bali ulimi warudi darasa la kwanza. Aliyekuwa akiuliza "ingekuwaje" sasa hunyamaza mpaka apate maneno, na wengi hunakili jibu ubaoni ili wasichekwe.

Sisemi kwamba Kiingereza hakina kazi, wala kwamba istilahi zetu zimetosha. Nasema kwamba walimu wa sayansi walikwisha kutufundisha kutengeneza mizani kwa vitu vilivyo karibu. Lugha nayo i karibu. Kazi ya kutunga istilahi na vitabu vya kuwafaa wanafunzi hao ni yetu sisi wa lugha, na tusiitupe juu ya mwalimu wa fizikia.