Nyinginezo

Nilipoacha chuo, kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa kuzunguka Nyeri na hojaji kwenye simu, nikiuliza watu wanatazama michezo gani kwa TV. Pale King'ong'o mzee mmoja akaniambia, "Andika hoki." Nikatafuta: kandanda, riadha, raga, voliboli... hoki haikuwepo. Nikabonyeza "Nyinginezo". Akachungulia skrini. "Na huo ni mchezo gani?"

Nilidhani ananichezea, kumbe ni mimi sikujua. Kenya ilimaliza nafasi ya 6 kwenye Olimpiki ya Tokyo, 1964, nahodha akiwa Avtar Singh Sohal. Mwaka 1971 huko Barcelona, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mpira wa magongo, tukaingia nusu fainali na kumaliza wa 4. Wa nne duniani, ati! Mara ya mwisho wanaume wetu kucheza hoki ya Olimpiki ni Seoul, 1988.

Kituo kikisoma majibu yetu kitaona hakuna aliyetaja hoki. Angeitaja wapi?

Swali la mwisho lilitaka mzee ayape matangazo alama, 1 hadi 5. "Matangazo ya nini, kijana wangu?" Akakataa. Simu nayo ikagoma kuendelea bila jibu, ikabidi nimwekee 3.