Mzizi au Ukali? Dhana ya Uradikali katika Ushairi wa Kiswahili

Neno la Kiingereza 'radical' limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzizi. Maana hiyo ingali hai katika isimu, ambamo mzizi ni kiini cha neno kibakiacho baada ya viambishi kuondolewa. Katika siasa, neno hili lilishika nguvu Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Mnamo 1797 Charles James Fox alidai mageuzi ya aina hiyo, yaani yenye kufikia mzizi wa mfumo wa uwakilishi bungeni. Kufikia 1819, waliodai haki ya kupiga kura waliitwa kwa jina hilo, na mahasimu wao wakaligeuza kuwa tusi.

Kiswahili kimelifasiri neno hili kwa 'siasa kali' au 'itikadi kali'. Katika fasiri hiyo mzizi umetoweka, ukabaki ukali. Ukali ni sifa ya jua, wembe na pilipili. Huarifu kiwango cha jambo, hauarifu kina chake.

Athari za fasiri hiyo hudhihirika katika uhakiki wa ushairi. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?* (1968), ulioikosoa serikali. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, yaliyomo katika *Sauti ya Dhiki* (1973), yanazingatia vina na mizani. Diwani hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mwaka uo huo, Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha *Kichomi*, diwani iliyokiuka arudhi hiyo kwa kutetea lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi.

Ni yupi basi aliye radikali? Kwa kigezo cha ukali, jibu hutegemea iwapo mhakiki anatazama fani au maudhui. Kwa kigezo cha mzizi, wote wawili wanastahiki sifa hiyo: Abdilatif aliuhoji mzizi wa mamlaka kwa chombo alichorithi kwa malenga wa Mombasa, ilhali Kezilahabi aliuhoji mzizi wa chombo chenyewe. Hivyo, mhakiki aiitaye kazi kuwa kali hajaieleza bado. Sharti abainishe ni mzizi upi unaoguswa, na umeguswa kwa zana gani.