Mita Moja Katika Nyumba ya Buleusa

Miezi ile ya korona sasa iko nyuma yetu, na hofu imepoa. Twaweza kuitazama bila kelele. Mara nyingi tumesikia mjini maneno haya: "Watu wa vijijini hawakutii. Waliambiwa wakae mbali mbali, wao wakaendelea kusongamana sokoni." Tena wanaosema hivyo si wajinga, ni watu waliosoma. Sisi twaona neno lao si la haki, na ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi alitoa amri zake: shule zifungwe, makanisa na misikiti ifungwe, baa zifungwe, watu zaidi ya 20 wasikusanyike. Kilio nacho kisikaliwe. Maiti ipelekwe moja kwa moja makaburini na watu wachache. Tarehe 24 Machi hali ya hatari ilitangazwa katika nchi nzima. Mwezi wa Aprili mji wa Goma ulitengwa na sehemu nyingine za jimbo, abiria wasitoke wala wasiingie. Rwanda ilikuwa imekwisha funga mipaka yake tangu tarehe 21 Machi. Pale kwenye kizuizi kidogo kati ya Goma na Gisenyi, ambapo makumi ya maelfu ya watu walizoea kuvuka kila siku na mabeseni ya nyanya na unga kichwani, pakawa kimya.

Haya ni mambo ya mjini. Sasa twende Buleusa.

Buleusa iko Ikobo, katika teritwari ya Walikale, karibu na mpaka wa Lubero. Wako Wakobo, Wanyanga, Wahunde, Wanande na Wahutu, na kwa miaka mingi vita vimewapitia wote, leo hawa, kesho wale. Mwaka 2016 palikuwa na kambi ya wakimbizi pale, na zaidi ya hao wa kambini wako wageni wa majumbani. Kwa maana huku Walikale na Masisi mtu anayekimbia risasi hatafuti kwanza hema. Hutafuta ndugu, au ndugu wa ndugu, au mtu waliyeuziana mbuzi zamani, naye humwambia, "Ingia." Katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini wakimbizi wengi hawakai kambini, wanakaa kwa watu.

Basi shikeni ukanda wa kupimia, tupime pamoja. Nyumba ni ya miti na udongo, vyumba viwili. Mwenye nyumba yumo na mke wake na watoto watano. Katika chumba cha pili amempokea mama mmoja aliyekimbia na watoto wanne. Watu kumi na wawili. Usiku wanalala ubavu kwa ubavu, na blanketi moja inafunika watatu. Redio inasema, "Acheni nafasi ya mita moja kati ya mtu na mtu." Mwenye nyumba afanye nini? Amtoe nani nje alale kwenye umande? Kama ni yule mama mgeni, basi amri iliyokuja kuokoa watu imemrudisha porini alikotoka.

Redio inasema tena, "Kaeni nyumbani." Chakula cha mkulima wa Buleusa hakiko nyumbani. Muhogo uko ndani ya udongo mpaka siku utakapoliwa, na shamba liko mbali. Mtu wa mshahara akikaa nyumbani mwezi mzima, mshahara humfuata. Mkulima akikaa nyumbani, nyani ndio wanaovuna. Chumvi na sabuni hununuliwa siku ya soko kwa fedha ya maharage yaliyouzwa siku ile ile. Goma ilipotengwa, bidhaa zilichelewa na bei ikapanda. Sabuni yenyewe, ambayo tuliambiwa ndiyo silaha ya kwanza, ikawa kitu cha kukatwa vipande vipande na kugawanywa.

Lakini msidhani kwamba kukaa mbali na mgonjwa ni jambo geni kwa Mwafrika, lililoletwa na redio. Wazee walilijua. Kwa jambo hili tutoke kidogo Kivu twende Uganda ya kaskazini, kwa maana huko limeandikwa vizuri. Mwaka 2000 ebola iliingia Gulu, nchi ya Waacholi. Waliougua walikuwa 425, wakafa 224. Mmoja wao ni Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000 kwa ugonjwa ule ule aliokuwa akiwatibu wenzake. Wakati ule mtaalamu mmoja wa mila za watu, Barry Hewlett, alifika Gulu akauliza wazee wanafanya nini maradhi ya kuua wengi yakiingia kijijini. Wazee walikuwa na sheria kamili. Mgonjwa atengwe katika nyumba iliyo mbali na nyingine, kadiri ya mita mia moja. Nguzo za manyasi marefu zisimamishwe ili kila mpitaji ajue. Watu wasitembeleane kijiji na kijiji. Ngoma zisichezwe. Na mgonjwa asiachwe peke yake: ahudumiwe na mtu aliyekwisha ugua maradhi yale akapona.

Neno hili la mwisho ndilo tunalotaka mlishike. Katika sheria ya wazee kulikuwa na umbali, lakini kulikuwa pia na mtu mmoja aliyewekwa makusudi auvuke umbali huo na maji na chakula mkononi. Bila mtu yule, mgonjwa aliyetengwa ni mgonjwa aliyetupwa. Naye mwenye kuogopa kutupwa hujificha.

Na sisi Wakongo twajua kujificha, kwa maana tulifundishwa. Siku za Wabelgiji, ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ilikataza watu wa sehemu nyingi kusafiri bila cheti cha daktari. Waliokutwa na malale walipelekwa lazareti, mbali na jamaa zao, na nyingine katika lazareti hizo zilifanana na gereza kuliko hospitali. Watu walikimbilia msituni waliposikia daktari anakuja. Nia ya waganga ilikuwa nzuri, na malale ilikuwa inaua kweli. Lakini bibi huwasimulia wajukuu kile alichokiona, si kile kilichokusudiwa.

Basi ebola ilipotangazwa katika jimbo letu tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, mengi ya zamani yalirudi. Watu walificha wagonjwa. Februari 2019 nyumba za matibabu za Katwa na Butembo zilishambuliwa. Agosti 2019 ugonjwa ulifika hata Pinga, penye mpaka wa Walikale na Masisi. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na 2,287 kati yao wamekufa. Chanjo ilisaidia sana, hilo hakuna wa kulikana. Lakini kuna msaada mwingine usiosemwa sana. Waliomgusa mgonjwa walitakiwa kuchunguzwa siku 21 wakiwa karibu na kwao. Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, likawagawia chakula watu hao, ili njaa isiwatoe. Kumbe wakubwa wa dunia nao walikuwa wamegundua yule mtu wa wazee wa Kiacholi, anayeuvuka umbali na sahani mkononi.

Kwa hiyo korona ilipokuja, watu wetu hawakuwa wanafunzi wapya. Ndoo yenye robine waliijua. Kile kipima joto kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola walikwisha zoea kuinamishiwa. Salamu yetu ya kugusanisha vichwa, upande huu na upande ule, wengi walikuwa wameiacha tangu ebola, wakasalimiana kwa kiwiko. Barakoa, ambazo huku twaziita kashene, mafundi cherehani walizishona kwa vipande vya vitenge. (Tuseme kweli: kashene nyingi zilikaa kidevuni, zikapanda puani pale tu askari alipoonekana.) Kila jambo lililowezekana bila mfuko wa fedha, watu walilijaribu.

Kilichokosekana ni sahani mlangoni. Rwanda, ng'ambo tu ya kizuizi, ilifungia watu wake nyumbani, na kabla ya mwisho wa Machi viongozi wa vijiji wakaanza kuwagawia chakula wale wanaoishi kwa kibarua cha siku. Uganda ilianza mwezi wa Aprili kugawa Kampala na Wakiso, kila mtu kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage. Manung'uniko hayakukosekana, na kilo 6 si kitu kwa mwezi. Hata hivyo serikali zile zilikubali kwamba anayemwambia mtu "kaa" ana deni la chakula kwake. Katika vijiji vyetu amri ilifika mikono mitupu. Ndipo watu wakaenda sokoni, nao wakaitwa wakaidi.

Jambo lililotuuma kuliko yote ni kilio. Soko mtu aweza kuliacha wiki moja, baa aweza kuiacha milele na mke wake akafurahi. Lakini kwetu asiyekuja kilioni amekata undugu. Na siku atakapofiwa yeye, atakaa peke yake kando ya maiti. Watu hawakukubali kuacha kabisa, wala hawakudharau amri kabisa. Tuliona wakienda kwa zamu: wachache wanafika, wanasimama uani, wanataja jina la marehemu, wanaweka kuni au unga wao karibu na mlango, wanaondoka, na wengine wanashika nafasi yao. Hakuna kulala matanga, hakuna kukumbatia mjane. Mmoja wa wazee alisema hajapata kuona kilio kikavu namna ile. Lakini unga uliletwa. Kile ambacho wakubwa hawakukiweka katika amri, majirani walikiweka wenyewe.

Shule zilikaa zimefungwa tangu Machi mpaka Agosti. Masomo ya redio yalikuwepo kwa mwenye redio na mawe ya kuiendesha. Watoto wengine walishika jembe, wavulana wengine wakaenda machimboni, na walimu wanajua ni madawati mangapi hayakupata tena wenyewe. Na wakati macho ya wote yalikuwa kwa korona, surua ilikuwa ikiua watoto wa Kongo. Ilianza mwaka 2019, na kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa korona, mpaka leo, vifo vilivyoandikwa katika Kongo nzima havikufika 2,000. Twajua waliopimwa walikuwa wachache, wala hatusemi korona ilikuwa mchezo; tumezika watu wake. Twasema tu kwamba mama wa Walikale, alipoambiwa ugonjwa mkubwa ni ule usio na chanjo, alikuwa na mtoto mgongoni mwenye joto la ule wenye chanjo.

Hali ya hatari ilimalizika tarehe 21 Julai 2020. Shule zikaanza kufunguliwa mwezi wa Agosti, na makanisa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, baada ya karibu miezi mitano, Pasaka yenyewe ikiwa imesaliwa majumbani.

Lakini katika nchi yetu milango mingine haikungoja tarehe ile. Mapema mwezi wa Julai kundi la wapiganaji la NDC-R lilivunjika vipande viwili, watu wa Guidon na watu wa Bwira, wakaanza kupigana wao kwa wao katika Masisi na Walikale. Vijiji vikakimbia tena na magodoro kichwani. Majumba ya ndugu yalipojaa, wakimbizi walifanya kama walivyofanya siku zote: walifungua shule na makanisa, yale yale yaliyofungwa ili watu wasisongamane, wakaingia na watoto wao, wakalala sakafuni ubavu kwa ubavu.