Faneli ndani ya mwili: historia ya neno "qim'"



Miaka kadhaa nyuma, hapa Aziziya, Jeddah, jirani zetu wawili, mtu na mkewe kutoka pwani ya kwetu, waliniomba nifuatane nao hospitali nikawafasirie. Daktari akasema "qim'" ya mrija wa uzazi imeziba, itafunguliwa. Mimi na shahada zangu nikatafsiri haraka haraka: "Mrija umeharibika, utapasuliwa." Bibi yule akaanza kulia, akijua basi tena, hazai. Aliyeokoa jahazi ni muuguzi mmoja Mwomani, mzaliwa wa Unguja: "Si mrija wote, mwanangu. Ni mdomo wake tu, pale unapotanuka kama faneli ya kutilia mafuta ya taa." Aibu ile ndiyo iliyonirudisha vitabuni.

Qim' ni faneli; kwa Kilatini, infundibulum, kutokana na kitenzi cha kumimina. Asili ya habari ni ubongo. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliamini kuwa ubongo hujisafisha kwa kuteremsha balghamu kwenye tezi iliyo chini yake, mpaka puani na kooni. Karne ya 9 Hunayn bin Is-haq na wenzake kule Baghdad wakamfasiri Galen kwa Kiarabu. Ibn Sina (aliyefariki 1037) akaeleza katika Qanun kwamba njia hiyo huanza pana kisha ikabana, ndiyo maana ikaitwa qim'. Gerard wa Cremona, aliyefariki 1187, akakihamishia kitabu hicho kwenye Kilatini, mjini Toledo. Hata Vesalius, mwaka 1543, bado aliielewa ile tezi kuwa pokeo la balghamu. Kwa Kilatini balghamu ni pituita. Ndiyo hiyo pituitari yetu.

Karne ya 17 Mjerumani Schneider akabainisha kuwa makamasi hutoka kwenye utando wa pua, si ubongoni. Nadharia ikafa, majina yakabaki. Lakini tazameni tofauti: "pituitari" lilitaja kazi, na mpaka leo limebeba uwongo wake. "Faneli" lilitaja umbo tu, likasalimika. Zaidi ya hapo, katikati ya karne ya 20 Geoffrey Harris alionyesha kuwa ubongo huiongoza tezi ile kwa kemikali zinazoteremka na vijishipa vya damu vya shina lile lile. Kumbe kweli kuna kinachoshuka, ila si balghamu!

Tatizo ni kwamba jina hilo hilo wamepewa pia mdomo wa mrija wa uzazi, sehemu ya moyo inayopeleka damu mapafuni, hata kijia kimoja cha ndani ya pua. Kwa hiyo likisimama peke yake halitoshi. Rai yangu: tuseme faneli ya mrija, faneli ya pituitari, faneli ya moyo, umbo kwanza, kisha mwenyewe. Najua wapo watakaosema faneli ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sawa, lakini mama zetu wanaijua, iko jikoni. Qim' nani anaijua?

Bibi yule, alipokwisha kufahamishwa kuhusu faneli, alifuta machozi akatia saini yake.

Naomba michango yenu. Wasalaam.