Nafuu ya Wiki Nane

Januari 1915, katika mkutano wa madaktari wa Boston, daktari wa upasuaji Ernest Amory Codman alifunua katuni kubwa. Mbuni amefukia kichwa mchangani, huku akirusha kwa mateke mayai ya dhahabu nyuma yake. Mbuni huyo ni matajiri wa mtaa wa Back Bay, wanaolipa ada bila kuuliza kama matibabu yamewafaa. Wanaoyapokea mayai ni madaktari na maprofesa, yaani watu wale wale waliokuwa wamekaa ukumbini. Mkutano ulichafuka. Codman akapoteza nafasi yake ya kufundisha Harvard, na wenzake wengi wakampa kisogo.

Alichokuwa akidai ni kitu ambacho leo kingeonekana cha kawaida. Kila mgonjwa afuatiliwe kwa mwaka mzima au zaidi, iandikwe kwenye kadi kama amepona, na kama hakupona iandikwe ni kwa nini. Katika hospitali yake ndogo ya binafsi alilifanya hilo mwenyewe: kati ya 1911 na 1916 aliwaruhusu wagonjwa 337 kutoka, akachapisha makosa 123 ili kila mtu ayasome. Sijui daktari wa zama zetu angekuwa na kifua cha kufanya hivyo.

Mtu huyo huyo ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya bega. Mwaka 1911 alieleza namna ya kushona kano ya bega iliyochanika, na 1934 akatoa kitabu kizima kuhusu bega kwa gharama zake mwenyewe. Ndani yake aliuita ugonjwa mmoja bega lililoganda, akakiri kwamba ni mgumu kuueleza, mgumu kuutibu, na mgumu kuuelewa kwa kile kinachoonekana ndani ya kiungo. Alifariki 1940 akazikwa bila jiwe la kaburi, na jiwe hilo halikuwekwa hadi 2014. Ninaanza naye kwa sababu ugomvi wote unaofuata, wa sindano, visu na mazoezi, unarudi kwenye swali lake: umempima mgonjwa lini?

Kabla yake tiba ya bega ilikuwa hasa tiba ya kuteguka, maana hilo linaonekana kwa macho. Katika kaburi la fundi Ipuy huko Deir el-Medina, Misri, la takriban miaka 1200 kabla ya Kristo, amechorwa mtu akimrudishia mwenzake bega mahali pake. Wagiriki wa mkondo wa Hippocrates waliandika njia kadhaa, mojawapo ya kukita kisigino kwapani na kuuvuta mkono. Kwa bega lenye mazoea ya kutoka, walichoma kwapani kwa chuma cha moto ili kovu likaze. Kiungo chenyewe kimeumbwa kwa namna ya kukaribisha matatizo: kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya tundu lisilo na kina, kama chungwa juu ya kisosi, na kinachokishikilia ni misuli minne na kano zake. Uhuru wa kuzungusha mkono pande zote umelipiwa na kano hizo.

Bega linalouma bila kuteguka lilisubiri hadi 1872, pale Simon-Emmanuel Duplay wa Paris alipoandika kwamba kasoro iko kwenye nyama na kano zinazozunguka kiungo. Dawa yake ilikuwa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kisha kuusukuma mkono kwa nguvu mpaka kilichonata kiachie. Tuliweke hilo akilini, kwa kuwa mtindo huo ulikuja kupimwa vizuri baada ya miaka 148.

Kwetu pwani, mtu ambaye bega limekataa kupanda alichuliwa, akakandwa kwa maji ya moto, akaumikwa, akapakwa mafuta ya karafuu. Joto na kuchua hutuliza kweli, na karafuu ina eujenoli, kemikali inayotia ganzi kidogo. Siwezi kuidharau tiba inayomwezesha mtu kulala usiku, ingawa kano iliyochanika haishonwi na mafuta.

Mageuzi makubwa yalikuja kwa mlango wa ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1929, katika Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, Philip Hench alisimuliwa na mgonjwa wake wa baridi yabisi kwamba maumivu yalimwacha alipopata umanjano wa ini. Hench akaanza kukusanya visa vya aina hiyo, akaona pia kwamba wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa wajawazito. Akahisi mwili una kitu chake unachokitoa. Katika hospitali hiyo hiyo mkemia Edward Kendall alikuwa akichambua tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, akitenga kimoja kimoja kilichomo. Kule Uswisi, Tadeus Reichstein alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Kimojawapo Kendall alikiita Kiambata E, ambacho baadaye kikaitwa kotisoni.

Vita Kuu ya Pili ikasukuma mbele utafiti huo kwa uvumi tu. Ilisemekana marubani wa Ujerumani wanadungwa maji ya tezi za ng'ombe ili waweze kuruka juu zaidi, na Marekani haikutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1944 Lewis Sarett wa kampuni ya Merck alifaulu kuitengeneza dutu hiyo kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa mlolongo wa hatua zaidi ya 30. Tarehe 21 Septemba 1948 ikaingizwa mwilini mwa mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza. Wiki moja baadaye alitoka kwenda mjini kununua vitu. Aprili 1949 habari zikatangazwa, na 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwendo huo ni wa kasi ya ajabu kwa tuzo ile.

Shida ikawa dawa yenyewe. Gramu moja iliuzwa dola 200, na nyongo ya ng'ombe wote wa machinjioni isingetosha. Wakemia wakaanza kutafuta mimea. Mexico ilikuwa na viazi vikuu vya porini ambavyo Russell Marker alikuwa ameshaonyesha kuwa vinatoa malighafi ya homoni. Mwaka 1952 watafiti wa Upjohn wakagundua kuwa ukungu fulani unaweza kufanya kwa hatua moja kazi iliyowasumbua wakemia, na bei ikaporomoka.

Uingereza haikuwa na Mexico, lakini ilikuwa na Tanganyika na Kenya. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika safari ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yalitapakaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa singa za mkonge. Sasa, jani la mkonge likipita kwenye mashine, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi ya kijani yenye harufu kali, yaliyokuwa yakimwagwa. Mwaka 1951 watafiti wa London, akiwemo R. K. Callow, walitangaza kwamba ndani ya makapi hayo mna hekojenini, malighafi nyingine ya homoni hizo, ya kutosha kuchumwa kibiashara. Kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengeneza steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoni, ikiwemo betamethasoni, ambayo hadi leo imo kwenye krimu za ngozi na kwenye sindano za viungo. Jasho la manamba waliokata majani yale na kubeba mizigo yake mabegani likaingia katika historia ya dawa ya maumivu ya bega, na sijaona kitabu cha tiba kinachowataja.

Kudunga dawa hizo ndani ya kiungo chenyewe kulienezwa na Joseph Hollander wa Philadelphia, 1951. Alijaribu kotisoni kiungoni ikafanya kidogo. Alipobadilisha akatumia ndugu yake haidrokotisoni, uvimbe ukanywea. Sababu ni kwamba kotisoni haina nguvu mpaka ini liigeuze kuwa haidrokotisoni, na ndani ya bega hakuna ini. Kwa hiyo sindano tunayoiita ya kotisoni haina kotisoni: mara nyingi ni methylprednisolone au triamcinolone, ikichanganywa na dawa ya ganzi. Ganzi hutuliza ndani ya dakika, kisha huisha. Steroidi yenyewe huanza kazi baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana watu hutoka kliniki wakicheka, wakaamka kesho yake wakidhani wametapeliwa.

Sherehe ya 1949 haikudumu. Wagonjwa waliomeza au kudungwa dozi kubwa kila siku walivimba uso, wakapata vidonda vya tumbo, wengine wakachanganyikiwa akili, na dawa ikikatizwa ugonjwa ulirudi. Mwaka 1954 kamati ya Uingereza ililinganisha kotisoni na aspirini ya kawaida kwa wenye baridi yabisi changa. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa ndogo mno. Sindano ya bega iliponea hapo. Ilikuwa dozi ndogo, ya mara moja moja, sehemu moja, na kwa sababu haikuleta fedheha haikuulizwa maswali kwa muda mrefu.

Kisu nacho kilipata zama zake. Mwaka 1972 Charles Neer wa New York alieleza kwamba kano ya juu ya bega husuguliwa na ncha ya mfupa iliyo juu yake, na dawa ni kuichonga ncha hiyo. Baadaye alidai kwamba asilimia 95 ya kano zilizochanika zimetokana na msuguano huo. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka, hata kwa picha ya eksirei, na kamera ndogo zilipokuja ikawa rahisi kuitekeleza. Uingereza peke yake operesheni za kuchonga zilipanda kutoka takriban 2,500 mwaka 2000 hadi zaidi ya 21,000 mwaka 2010. Miaka 38 ilipita tangu Neer aandike, na bado hakuna aliyekuwa amekamilisha jaribio la kuwafungua wagonjwa, kuchungulia, na kuwafunga bila kuchonga chochote.

Lilipofanyika, lilifanyika mara mbili karibu kwa pamoja. Watafiti wa Oxford, wakiwa na wagonjwa 313 kutoka hospitali 32, na Wafini wakiwa na wagonjwa 210, walitoa majibu kati ya 2017 na 2018. Waliochongwa hawakuwashinda waliochunguliwa tu kwa kiasi chenye maana kwa mgonjwa. Mwaka 2019 jopo la jarida la BMJ likashauri kwa nguvu operesheni hiyo isifanywe kwa maumivu ya aina hiyo. Hapo Codman angetabasamu, kwa uchungu.

Na sindano? Hapa inabidi kutenganisha magonjwa, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe huwa halioni kwa kuwa yote huitwa bega. Bega lililoganda ni la watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi. Huanza kwa maumivu makali ya usiku, kisha linakaza hata mwingine akiusukuma mkono, halafu linalegea polepole ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa huyo, mapema, sindano ina kazi. Utafiti wa Uholanzi wa 1998 ulikuta baada ya wiki 7 asilimia 77 ya waliodungwa wamefaulu, dhidi ya 46 waliopewa fiziotherapia. Kanada, 2003, sindano pamoja na mazoezi ndiyo iliyotangulia. Ila baada ya mwaka makundi yote yalikuwa yamefika pamoja. Njia ya Duplay ilipimwa 2020 Uingereza kwa watu 503, ikishindana na upasuaji wa kamera na fiziotherapia yenye sindano. Hakuna iliyozishinda nyingine kwa kiasi kikubwa, ingawa upasuaji ndio uliokuwa na madhara mazito zaidi.

Kwa maumivu ya kano, ambayo ndiyo mengi, hesabu ni ya kubana zaidi. Jaribio la Uingereza la 2021, la watu 708, liliona sindano ikisaidia kidogo wiki ya 8, na ndani ya mwaka mzima faida haikuonekana tena. Cha kushangaza zaidi, kuhudhuria mazoezi mara nyingi chini ya mtaalamu hakukuzidi kikao kimoja cha ushauri mzuri na mazoezi ya kufanyia nyumbani. Na Oslo, 2009, watu 106 waligawanywa: wengine walidungwa begani kwa kuongozwa na altrasaundi, wengine makalioni. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti kubwa, jambo linalopunguza kidogo fahari ya wale wenye mashine.

Kwa maoni yangu wiki nane za usingizi si kitu kidogo kwa mama anayebeba ndoo au fundi anayepaka rangi dari. Zinafaa kununuliwa, mradi mtu ajue amenunua nini, na azitumie kuurudishia mkono mwendo wake. Nisichokubali ni sindano ya nne na ya tano kwa kano ile ile, maana steroidi ikirudiwa huweza kuidhoofisha. Wengi huacha angalau miezi mitatu kati ya moja na nyingine. Kuna pia doa jeupe linaloweza kubaki kwa miezi pale dawa inapovujia ngozini, ambalo kwenye ngozi nyeusi halifichiki. Na uambukizo, ambao ni nadra lakini ukiingia kiungoni ni dharura.

Kuna kundi moja ambalo sindano hii huligusa pande zote mbili. Wenye kisukari hupata bega lililoganda mara kadhaa zaidi ya wengine, na steroidi hiyo hiyo hupandisha sukari yao kwa siku kadhaa, mara nyingine wiki nzima. Wanaojijua wapime kila siku baada ya kudungwa, na wapange dozi zao na daktari kabla ya kudungwa. Wapo pia wasiojijua, ambao bega ndilo lililowafikisha kliniki: kwao, tone la damu kwenye kipimo cha sukari litangulie sindano.