Azimio la Arusha na Swali la Asiyesali

Imani ni neno la msikitini na kanisani. Mwaka 1967 liliwekwa mahali pengine, mjini Arusha, chini ya Mlima Meru. Tangu tarehe 26 hadi 29 Januari, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika jumba la Kaloleni, ambalo baadaye lilifanywa Makumbusho ya Azimio la Arusha. Waraka uliotoka humo ulitangazwa tarehe 5 Februari, na sehemu yake ya kwanza ikaitwa Imani ya TANU. Imani hiyo ilianza na usawa wa binadamu. Dini iliitaja kuwa ni uhuru wa kila mtu.

Julius Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa. Hata hivyo, mwaka 1968 aliandika kwamba Ujamaa ni jambo la maisha ya watu hapa duniani. Kwake, Mwislamu, Mkristo na asiyeamini Mungu kabisa waliweza kuwa wajamaa sawasawa, maadamu wote wanakubali usawa wa watu. Kwa kauli hiyo, mtu aliyepoteza dini hakuhesabiwa kuwa amepoteza wajibu wake. Kazi yake na jirani yake vilikuwa vingali pale pale.

Katika miteremko ya Meru usawa haukuwa neno la hotuba tu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi kwa safari ile, lakini watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kujifunza kuchangishana na kusimama pamoja.

Washairi nao waliitika. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA walizipeleka ngonjera shuleni na mikutanoni, na Azimio likaghaniwa kama kasida. Hapo ndipo penye hatari. Jambo lililokusudiwa litekelezwe kwa mikono lilianza kukaririwa kwa ulimi, na mwenye kuhoji akaonekana mfano wa mzushi.

Aliyelikabili swali hili bila kulipamba ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto ni msomi ambaye majibu ya dini hayamtoshi tena, wala hayamtoshi ya wazee wake. Mwisho wake anajiua. Mwaka uliofuata, katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anaipoteza mali yake kwa siasa ya Ujamaa, anamwua mkuu wa wilaya, naye ananyongwa. Ukivisoma vitabu hivi pamoja, utaona kwamba imani ya serikali haikuweza kuliziba pengo lililoachwa na imani ya dini. Kazimoto hakupungukiwa na itikadi. Alipungukiwa na mtu wa kumtegemea, na wa kumtegemea yeye.

Mwezi Februari 1991, katika kisiwa cha Unguja, Azimio la Zanzibar liliyalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Kiongozi aliruhusiwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Wengi walioimba ngonjera utotoni walijikuta, kama muumini aliyeacha sala, hawana la kukariri.

Hata hivyo si yote yaliyokwenda na maneno. Watu wazima waliofundishwa kusoma chini ya miembe na makanisani hawakusahau herufi. Mwalimu wa kijiji aliyefanya kazi ile, awe wa kusali au asiyesali, hakuhitaji azimio jingine ili kujua kwamba siku zake hazikupita bure. Swali la asiyesali lilijibiwa zaidi na mwalimu huyo kuliko na Imani iliyokaririwa.